Safuwima ya Kumi na Mbili

Dakta Kisia anataka ramani yenye vishale
kufikia Alhamisi, saa nne, kabla ya Seneti.
Vishale vinene, alisema, vinavyotoka Kisumu
kwenda Leipzig, kwenda Pune, kwenda Busan,
na vya kurudi, Awuor, hakikisha na vya kurudi vipo.

Nimefungua lahajedwali.
Feni inazungusha joto lilelile la jana.
Hati za makubaliano: kumi na saba.
Kila moja ina picha yake: mikono imeshikana,
kalamu mbili, bendera ndogo, soda.
Waliokwenda au kuja kwa hati hizo:
sita.
Wanne kwa hati moja, wawili kwa nyingine.
Kumi na tano zimelala kabatini,
mchwa wanazisoma kutushinda.

Sasa wanafunzi wa nje. Mia moja thelathini na mmoja.
Nimewapanga kwa umbali, si kwa alfabeti,
na dunia ikajikunja kama jongoo aliyeguswa:
Juba. Goma. Bujumbura. Musoma.
Busia, ile ya ng'ambo,
ambako ukipiga chafya
mtu wa huku anakuombea afya.
Hakuna kishale kirefu.
Kuna vijimstari tu, vifupi, vingi,
kama mshono wa fundi anayeogopa kumaliza uzi.

Safuwima ya kumi: ada.
Ya kumi na moja: tarehe ya kuondoka.
Ya kumi na mbili: sababu.
Ya kumi na mbili ni nyeupe, juu hadi chini,
kama ukuta uliopakwa chokaa kumngoja waziri.

Thelathini na wanane waliondoka bila kuhitimu.
Nikavuta simu ya ofisi.

Wa Juba: Mlifunga hosteli Agosti.
Kwetu nako barabara ilikuwa imefungwa.
Wa Goma: Kibali changu kilikaa Nairobi miezi saba.
Mtihani haukukingoja.
Wa Musoma alicheka kwanza.
Dada, ziwa niliacha nyumbani mlangoni,
nikaja kwenu kulisoma ubaoni, mihula mitatu,
bila kulowa hata kidole.

Na Taaka, wa Busia ya ng'ambo:
Likizo zote nalala kwa nyanya yangu, Matayos, upande wenu.
Nilipomwonyesha ada ya mgeni, mara mbili ya wenzangu,
aliweka kikombe chini.
Akaniuliza, wewe ni mgeni wa nani?

Nikakosa pa kuliandika.
Kisanduku kinakubali herufi ishirini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tulimpa fomu,
ya nne tukamdai risiti,
ya tano tukamsahau,
kisha tukamhesabu.

Alhamisi. Saa tatu na nusu. Umeme umerudi.
Dakta Kisia anaitazama ramani, miwani mkononi.
Hii haina Ulaya.
Ipo, nikasema. Juu kushoto. Nukta mbili.
Nje lori la mchanga linarudi nyuma likilia.
Hasemi. Anasoma simu zangu, moja moja,
kidole kikifuata mstari kama mtoto wa chekechea.
Kwa Juba kidole kinasimama.

Themanini na sita, anasema, si kwangu, kwa dirisha.
Krismasi. Wrocław. Bweni lilifungwa, mlinzi akanisahau ndani.
Siku kumi na mbili nilikula biskuti
na theluji ya kingo ya dirisha.
Hakuna aliyeniuliza. Hadi leo.

Kisha anavaa miwani, anakuwa Dakta Kisia tena.
Hosteli iwe slaidi ya kwanza.
Ada ya jirani, ya pili; watapiga kelele, waache.
Anafika mlangoni, anageuka.
Lakini niachie vishale viwili, Awuor.
Vyembamba tu.

Nimemwachia.
Halafu nimerudi kwenye ile safuwima,
nimeburuta ukingo wake kulia, kulia zaidi,
hadi nyanya wa Matayos akaenea,
yeye na kikombe chake
na lile swali.